Kufundisha Historia kwa Njia ya Ziara: Mfano wa Kisiwa cha Dejima

Utangulizi

Ziara ya mafunzo ni njia ya kufundishia ambayo walimu wengi huisifu, lakini wachache huitayarisha ipasavyo. Mara nyingi wanafunzi hupelekwa mahali pa kale, hupangwa mstari, humsikiliza kiongozi wa mahali hapo, kisha hurejea shuleni na kuandika insha yenye kichwa "Ziara Yetu". Insha hizo hufanana kama sare za shule: tuliondoka asubuhi, tuliona mizinga, tulikula, tulirudi. Historia yenyewe hubaki kule kule ilikokuwa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwanachuo anayejiandaa kufundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi anavyoweza kuitumia ziara kumzoeza mtoto kuhoji anachokiona. Mfano wetu ni Dejima, kituo cha biashara cha wageni katika bandari ya Nagasaki, nchini Japani, ambacho kimejengwa upya katika miaka ya karibuni.

Yamkini mwanachuo atauliza: kwa nini twende mbali hivyo, hali pwani yetu imejaa magofu na ngome? Sababu ni tatu. Kwanza, hatua za kuijenga upya Dejima zinajulikana kwa miaka yake, hivyo ni rahisi kumwonyesha mtoto tofauti kati ya kitu cha kale na kitu kipya kilichofanana na cha kale. Pili, Dejima inapindua picha ambayo wanafunzi wetu wanayo ya mgeni aliyekuja kwa meli: huko mgeni ndiye aliyefungiwa, naye alilipa kodi. Tatu, mambo mawili ya kisa hicho yanajulikana sana kwetu, nayo ni Wareno na pepo za msimu. Hatutarajii kuwapeleka watoto Japani. Tunatarajia waitembelee Dejima kwa kamba, ramani na maswali, ili watakapofika mbele ya jengo la kale lililo karibu nao wawe wamekwisha kuzoea kuuliza.

Maelezo ya Msingi kwa Mwalimu

Mwalimu hawezi kuongoza ziara ya mahali asipopafahamu. Kwa hiyo tutaanza na habari zenyewe kwa ufupi.

Dejima kilikuwa kisiwa kilichotengenezwa na watu. Kilijengwa kati ya mwaka 1634 na 1636 kwa amri ya serikali ya shoguni, na gharama zilitolewa na wafanyabiashara 25 wa Nagasaki, ambao baadaye walipokea kodi ya pango. Umbo lake lilikuwa kama upepeo uliokunjuliwa. Upande wa kaskazini, uliouelekea mji, ulikuwa na urefu wa mita 190 hivi. Upande wa kusini, uliokabili bahari, mita 233 hivi. Na pande mbili za mwisho mita 70 hivi kila mmoja. Eneo lote lilikuwa kama hekta moja na nusu, yaani karibu viwanja viwili vya mpira. Daraja moja tu liliunganisha kisiwa na mji, na langoni palikuwa na walinzi.

Wageni wa kwanza kuwekwa humo walikuwa Wareno. Serikali ya Japani ilikuwa imekwisha kupiga marufuku dini ya Kikristo mwaka 1614, nayo ilitaka faida ya biashara bila wamisionari. Baada ya maasi ya Shimabara ya mwaka 1637 na 1638, ambamo Wakristo wengi walishiriki, Wareno walifukuzwa kabisa mwaka 1639. Mwaka uliofuata walituma ujumbe kutoka Macau kuomba biashara irejeshwe. Wajumbe 61 waliuawa. Mwalimu asilifiche jambo hili, kwani bila hilo mtoto hataelewa kwa nini Waholanzi walikubali masharti magumu.

Waholanzi wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, walihamishwa kutoka Hirado na kuwekwa Dejima mwaka 1641. Walitozwa kan 55 za fedha kila mwaka, zaidi ya kilo 200, hali Wareno walikuwa wametozwa kan 80. Kwa kawaida waliokaa kisiwani walikuwa watu kumi hadi kumi na watano, chini ya mkuu wao. Hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Mkuu alikuwa na wajibu wa kusafiri hadi Edo, mji ambao leo ni Tokyo, kutoa heshima na zawadi kwa shoguni. Safari hiyo ilifanywa kila mwaka hadi 1790, na baadaye kila baada ya miaka minne.

Meli zilikuja kutoka Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, zikisukumwa na pepo za kusini-magharibi, na kufika mwezi wa Julai au Agosti. Ziliondoka pepo zilipogeuka. Mtoto wa pwani anayejua maana ya kusi na kaskazi hatahitaji maelezo marefu. Meli zilileta hariri, vitambaa, sukari, ngozi, viungo, dawa na vitabu. Zilichukua fedha, hadi ilipokatazwa mwaka 1668, kisha shaba, kafuri na vyombo vya kauri. Idadi yake ilipunguzwa: mwaka 1715 ziliwekewa kikomo cha mbili kwa mwaka, na mwaka 1790 moja tu.

Zaidi ya bidhaa, Wajapani walidai habari. Kila meli ilipofika, mkuu wa kituo alitakiwa kutoa taarifa ya mambo ya dunia, na wakalimani wa Nagasaki, ambao kazi yao ilirithiwa katika ukoo, waliitafsiri na kuipeleka Edo. Vitabu vya Kiholanzi vilizaa elimu mpya. Mwaka 1774 Sugita Genpaku na wenzake walichapisha tafsiri ya kitabu cha maumbile ya mwili wa binadamu, na mafundisho ya udaktari nchini humo yakabadilika. Madaktari wa kituo pia walijulikana sana, miongoni mwao Engelbert Kaempfer, Carl Peter Thunberg na Philipp Franz von Siebold.

Mwalimu ajihadhari na usemi kwamba Dejima kilikuwa mlango pekee wa Japani. Wachina nao walifanya biashara Nagasaki, nao waliwekewa mtaa wao wenye ukuta mwaka 1689. Njia nyingine zilipitia Tsushima kwenda Korea na Satsuma kwenda visiwa vya Ryukyu. Dejima kilikuwa mlango pekee wa Wazungu, na maneno hayo mawili ya mwisho yasiachwe.

Mgeni Anaona Nini Leo

Baada ya mikataba ya miaka ya 1850 Japani ilifungua bandari nyingine, na kituo cha Waholanzi kikafungwa mwaka 1859. Kisiwa nacho kilipotea polepole. Mwaka 1888 mto Nakashima ulichepushwa na sehemu ya upande wa kaskazini ikakatwa. Kazi za bandari zilizokamilika mwaka 1904 zilijaza bahari kwa udongo, na Dejima ikawa mtaa katikati ya mji. Mwaka 1922 eneo hilo lilitangazwa kuwa mahali pa historia ya taifa. Kuanzia mwaka 1951 mji wa Nagasaki uliandaa mpango wa kulirejesha. Ununuzi wa ardhi kutoka kwa wenyewe ulichukua miaka mingi, ukakamilika mwaka 2001.

Nyumba zilijengwa upya kwa awamu, na kufikia mwaka 2016 zilikuwa 16. Mwaka 2017 lilifunguliwa daraja jipya la miguu juu ya mto, ili mgeni aingie tena kutoka upande wa mji kama zamani. Wajenzi walifuata michoro ya kale, mifano midogo ya nyumba iliyotengenezwa enzi za mkuu aitwaye Jan Cock Blomhoff na kuhifadhiwa mjini Leiden, Uholanzi, pamoja na matokeo ya uchimbuaji, ambao ulifukua misingi ya kuta, viko vya udongo, vigae vya kauri na mifupa ya wanyama walioliwa.

Mgeni anayeingia leo anakuta maghala, nyumba ya mkuu, jiko, na meza iliyoandaliwa kama ya karamu ya majira ya baridi. Waholanzi waliita karamu hiyo sherehe ya siku fupi kuliko zote, kwa kuwa hawakuthubutu kuitangaza Krismasi. Hata hivyo anakuta pia ghala la mawe la mwaka 1865 na chuo cha Kiprotestanti cha mwaka 1878, majengo ya kale kweli, lakini yaliyojengwa baada ya kituo kufungwa. Nyumba za mbao zilizo karibu nayo zinaonekana za zamani zaidi, kumbe ni mpya. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Maswali Matatu ya Kumpa Mwanafunzi

Tunapendekeza kila mwanafunzi ayajue kwa moyo maswali matatu kabla ya kutoka darasani.

Swali la kwanza: Ni kipi hapa kilicho cha kale, na ni kipi kilichojengwa upya? Kujenga upya si udanganyifu. Lakini mtoto asiyejua tofauti hiyo hudhani kwamba wakati uliopita umehifadhiwa wote kama nguo sandukuni.

Swali la pili: Waliojenga upya wamejuaje? Jibu la "wametuambia" halitoshi. Atafute mchoro, kigae, msingi wa ukuta, barua. Aelewe pia kwamba waliojenga walichagua wakati. Nyumba za Dejima zimejengwa kama zilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 19. Dejima ya Wareno ya mwaka 1636 haionekani.

Swali la tatu: Ni nani aliyekuwa hapa na haonekani? Swali hili ni gumu kuliko mengine, nalo ndilo lenye thamani kubwa. Kuta, meza na vikombe huzungumza juu ya wenye mali. Aliyepika, aliyebeba magunia na aliyefagia hawakuacha nyumba yenye jina lao.

Utaratibu wa Masomo

Tumegawa kazi hii katika vipindi vitatu vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza: Kupima kisiwa. Zana ni kamba, vigingi, majivu au chokaa. Uwanjani, hatua moja ya mwanafunzi ihesabiwe kuwa mita kumi. Wanafunzi wapime hatua 19 upande wa mji, 23 upande wa bahari, na 7 kila mwisho, kisha wachore upepeo huo kwa majivu na kuacha nafasi moja ya lango upande wa mji. Wanafunzi 12 waingie ndani. Waliobaki wawe mji. Wakae hivyo dakika tano bila kuvuka mstari. Halafu mwalimu aulize walio ndani: Mngefanya nini kwa miezi ile ambayo hakuna meli? Aulize walio nje: Mngetaka kujua nini kutoka kwao? Majibu yaandikwe ubaoni na kuhifadhiwa hadi kipindi cha pili.

Kipindi cha pili: Nani alifungiwa? Mwalimu achore safu mbili ubaoni, moja ya walichopata Wajapani na nyingine ya walichopata Waholanzi. Wanafunzi wajaze kutokana na maelezo aliyowapa: kodi, bidhaa, dawa, habari za dunia kwa upande mmoja, shaba, kafuri, kauri na faida ya kuwa Wazungu pekee kwa upande wa pili. Kisha liulizwe swali la mjadala: Nani alikuwa amefungiwa? Wengi watajibu mara moja kwamba ni Waholanzi. Hapo mwalimu awape habari moja zaidi: tangu mwaka 1635 sheria ilimkataza Mjapani kusafiri nje ya nchi. Mholanzi alizuiwa na ukuta kuingia mjini. Mjapani alizuiwa na sheria kwenda kuiona Batavia. Awape na mfano wa Siebold. Aligundulika kuwa na ramani za Japani, ambazo mgeni hakuruhusiwa kumiliki, akafukuzwa mwaka 1829. Kusumoto Taki, mama wa binti yake, hakuweza kumfuata. Binti huyo, Ine, alikuwa na umri wa miaka miwili tu. Alikua akasomea udaktari, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza nchini Japani kujifunza tiba ya Kizungu. Mwalimu asitoe hukumu ya mwisho katika mjadala huu. Akiona darasa limegawanyika na kila upande unataja ushahidi, kazi yake imefanikiwa.

Kipindi cha tatu: Meza ya karamu. Mwalimu achore meza kubwa juu ya karatasi ya manila: sahani, nyama, mkate, sukari, chupa, kitambaa. Kila kikundi kipewe kitu kimoja na kukifuatia nyuma: Kilitoka wapi? Nani alikileta? Nani alikitayarisha? Wanafunzi watajaza meli, mabaharia, wapagazi na wakalimani. Wakifika kwa mpishi na mtumishi wa mezani watakwama, na hapo ndipo mwalimu awaeleze kwamba maofisa wa Kiholanzi waliletewa watumishi kutoka visiwa vilivyo chini ya Batavia, na kwamba wengi wao walikuwa watumwa. Wachoraji wa Nagasaki waliwachora wakiwa wamesimama nyuma ya mabwana zao, wakibeba mwavuli au sinia. Utumwa katika makoloni hayo ya Kiholanzi ulikomeshwa rasmi mwaka 1860, baada ya kituo kufungwa. Kwa hiyo, katika historia yote ya meza ile, yupo mtu aliyesimama kando yake ambaye hakukaribishwa kuketi.

Mwalimu aweza kumaliza kwa kisa cha Titia Bergsma, mke wa Blomhoff. Alifika mwaka 1817 pamoja na mumewe na mtoto wao mdogo. Serikali ilikataa mwanamke wa Kizungu kukaa Dejima, na kabla ya mwaka kwisha alirudishwa yeye na mtoto, mume akabaki. Katika miezi hiyo michache wachoraji walimchora mara nyingi sana, na sura yake ikaenea katika picha na vyombo. Mwanafunzi aulizwe: Kwa nini mtu aliyekaa miezi michache anaonekana kuliko watu waliotumika humo maisha yao?

Tahadhari kwa Mwalimu

Kwanza, michezo ya kuigiza ni mizuri, lakini mtoto yeyote asipewe sehemu ya mtumwa. Maumivu hayo si mchezo, na mtoto aliyeigiza aweza kubaki na jina la utani uwanjani kwa miaka. Watumishi wazungumziwe kwa heshima, kwa maneno na picha.

Pili, mwalimu asilifanye somo kuwa la kuwacheka Wazungu waliofungiwa. Furaha hiyo ni fupi, nayo humzuia mtoto kuona kwamba walioumia zaidi kisiwani humo hawakuwa wenye meli.

Tatu, tarehe zisizidi sita ubaoni. Sisi tunapendekeza 1636, 1641, 1774, 1859, 1922 na 2017. Mbili za mwisho ni muhimu sawa na za kwanza, kwa kuwa zinamfundisha mtoto kwamba historia ina wakati wa kutokea na wakati wa kukumbukwa.

Kutoka Dejima hadi Pwani Yetu

Baada ya vipindi hivyo, wanafunzi wako tayari kwa ziara yenyewe. Wanafunzi wa Mombasa wana Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, miaka 43 tu kabla ya Wareno wengine kufungiwa Dejima. Mtoto alinganishe kuta hizo mbili. Huko Nagasaki ukuta ulijengwa na wenyeji ili mgeni asitoke. Huku Mombasa ukuta ulijengwa na mgeni ili mwenyeji asiingie. Kulinganisha huko kutamfikisha kwenye swali la nguvu: nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua mlango uwe wapi?

Ngome hiyo haikubaki ya Wareno. Ilitekwa na Waomani mwaka 1698, ikawa jela wakati wa utawala wa Waingereza, kisha makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maswali yetu matatu yanafaa hapo bila kubadilishwa neno: kipi ni cha kale, tumejuaje, na nani haonekani?

Shule zilizo mbali na pwani zisikate tamaa. Stesheni ya reli, duka la zamani la mjini, ghala la pamba au nyumba ya misheni vyaweza kutumika. Mwalimu aende mwenyewe kwanza, aone, aongee na wazee wa hapo, ndipo awapeleke watoto. Kila mwanafunzi arudi na swali moja ambalo halikujibiwa, na swali hilo ndilo liwe kichwa cha insha yake badala ya "Ziara Yetu".

Mazoezi kwa Wanachuo

1. Chagua jengo moja la kale katika wilaya unayotarajia kufanyia mazoezi ya kufundisha. Tayarisha orodha ya sehemu zake za kale na zilizokarabatiwa, ukitaja ulivyojua.

2. Andika andalio la somo la dakika 40 kuhusu swali la tatu, yaani mtu asiyeonekana, kwa kutumia jengo hilo.

3. "Kujenga upya jengo la kale ni kuandika kitabu cha historia kwa mbao na mawe." Jadili usemi huu kwa kutumia mfano wa Dejima.

Hitimisho

Mahali palipojengwa upya pamesafishwa. Hapana harufu ya ngozi zilizolowa, wala kikohozi cha mlinzi langoni, wala mtu anayengoja barua tangu msimu uliopita. Kazi ya mwalimu ni kuwarudisha watu hao mbele ya macho ya mtoto bila kubuni uongo, kwa kutumia ushahidi uliopo na kwa kuacha wazi pale ushahidi unapokoma. Mwanafunzi akisimama mbele ya ukuta, akamwuliza kiongozi wa mahali hapo kwa adabu, "Tafadhali, mmejuaje?", basi mwalimu wake ajue kwamba somo limefika.